Nimeanza kupenda ngumi nikiwa na miaka 42, na mkono ndio unaonilisha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 42, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ushonaji. Nimekaa nyuma ya cherehani tangu nikiwa na miaka 19, nikishona sare za shule, madera na mashuka, na kwa muda wote huo sikuwahi kufanya zoezi lolote ambalo halikuwa kazi ya nyumbani. Shuleni nilikuwa mtoto mnene, mzito wa miguu, na siku za michezo mwalimu alinipa kazi ya kulinda viatu na mikoba ya wenzangu waliokuwa wakikimbia au kucheza netiboli. Niliizoea kazi hiyo hata nikaamini kwamba Mungu amewagawia watu miili, wengine ya kuchezea na wengine ya kukalia, na kwamba wangu ni wa kukalia.

Ngumi nilizijua kama watu wengi wa mji huu wanavyozijua, yaani kwa jina la Hassan Mwakinyo. Septemba 2018, alipomshinda Sam Eggington katika raundi ya pili kule Birmingham, nilifurahi kwa sababu mtaa mzima ulifurahi, kisha nikarudi kwenye mshono wangu.

Mwezi wa saba mwaka huu, mwalimu anayefundisha vijana ngumi upande wa Makorora aliniletea begi lao la mazoezi, lile gunia refu la turubai linaloning'inizwa kwa mnyororo, likiwa limepasuka ubavuni. Nilipolifungua nilikuta wamelijaza matambara yaliyochanganywa na mchanga, na mchanga wote ulikuwa umeshuka chini ukakaza kama jiwe. Nilimwambia kwamba chini ya meza yangu ya kukatia nina viroba vitatu vya vipande vya vitambaa ambavyo havina kazi, tukautoa mchanga, tukalijaza upya, nami nikalishona kwa sindano namba 18 na uzi wa nailoni, mshono wa mara tatu. Siku ya kulipeleka, walipokwisha kulitundika, mwalimu aliniambia, "Fundi, lipige mwenyewe tuone kama mshono umeshika."

Nilipiga kwa aibu, kama mtu anayebisha hodi. Akaniambia nirudie, lakini safari hii nisukume ardhi kwa mguu wa nyuma, kiuno kizunguke, mkono uje mwisho. Shangazi, nilimwelewa papo hapo, kwa sababu ndivyo cherehani ya miguu inavyofanya kazi: mguu ndio unaoanza, gurudumu linazunguka, na mkono unaongoza tu. Nikapiga. Begi lilitoa sauti nzito ya chini, mnyororo ukacheza, na kitu fulani kikanipanda kutoka kisiginoni hadi begani ambacho sijawahi kukisikia katika mwili huu kwa miaka yote niliyoishi nao. Usiku ule sikupata usingizi. Kesho yake nilirudi nikisingizia kwamba nimekuja kuukagua mshono.

Sasa ni mwezi wa nne. Siku tatu kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri, ninavaa suruali ya mazoezi chini ya dera, ninajitanda mtandio na kwenda. Siku ya kwanza nilishindwa kuruka kamba mara kumi, lakini leo ninamaliza raundi nzima ya dakika tatu. Vijana wananiita Mama Fundi na hawanicheki. Mwalimu ananiangalia miguu, ananisahihisha nusu hatua, ananiambia nirudie, na mimi ninarudia kwa furaha ambayo siwezi kuieleza.

Tatizo langu ni kwamba nyumbani hakuna anayejua. Mume wangu ni dereva wa lori la saruji na mara nyingi hulala safarini. Nilimwambia kwamba nimeanza kutembea alfajiri hadi Raskazone kwa ajili ya afya, naye alifurahi hata akaninunulia raba mpya za kutembelea. Kila ninapozivaa roho inanisuta. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka 16 alizikuta bandeji zangu za mikono kwenye kamba ya nguo akaniuliza ni za nini, nikamwambia ni utepe wa mteja. Tangu hapo nimekuwa nikiziacha dukani. Wiki mbili zilizopita nilipitiliza moja kwa moja mazoezini bila kuzipitia, nikaazima glovu za kijana mmoja ambazo zilinipwaya, na katika raundi ya pili kifundo cha mkono wa kulia kilipinda. Kimevimba na hadi sasa kinauma ninaposhika mkasi, na huu ndio msimu wa sare, kwa kuwa shule zinafunguliwa Januari. Wateja nimewaambia nilianguka.

Juu ya hayo, kuna watu wanaoandaa mapambano ya sikukuu za mwisho wa mwaka, nao wanatafuta wanawake wa kupigana raundi tatu za kirafiki. Mwalimu amesema uamuzi ni wangu. Moyo unataka, kwa sababu ninaona kama nisipopanda ulingoni nitakuwa nimebaki yule yule mlinda viatu. Kaka yangu anafundisha madrasa na ninajua atakachosema. Je, Shangazi, huu ni wazimu wa utu uzima? Nifanye nini?

Fundi wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na mkono, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho na mkono hauwezi. Maumivu ya kifundo yaliyodumu wiki mbili, yanayozidi unaposhika mkasi, hayatibiwi kwa kuchuliwa mafuta wala kwa kufungwa kitambaa. Nenda hospitali, ikiwezekana Bombo, upigwe picha ya eksirei, na umweleze daktari kwa usahihi kwamba ulipiga begi na kifundo kikapinda. Usimwambie ulianguka. Bonyeza kwanza kile kibonde kilicho chini ya kidole gumba upande wa juu wa mkono, na kama kinauma, mwonyeshe mahali hapo kwa kidole, kwa sababu kuna mfupa mdogo pale ambao ukipata ufa huweza usionekane kwenye picha ya siku za mwanzo, na ukipuuzwa hupona vibaya au usiunge kabisa. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa usumbufu. Kwa fundi cherehani ni riziki. Hadi daktari aseme vinginevyo, mkono huo usiguse begi. Miguu, kamba na mkono wa kushoto vinatosha kukushughulisha.

Sasa tazama jinsi ulivyoumia, maana maelezo yako yamenionyesha jambo ambalo wewe mwenyewe hukulitaja. Hukuumia kwa sababu una miaka 42, wala kwa sababu mwili wako si wa michezo. Uliumia kwa sababu bandeji zilikuwa dukani, na zilikuwa dukani kwa sababu ulikuwa ukimficha binti yako. Ile bandeji ya mita nne na nusu, ikizungushwa vizuri kwenye kifundo, mgongoni mwa kiganja na kati ya vidole, huishika mifupa midogo ya mkono ikae pamoja, na huifanya glovu ikukae bila kucheza. Glovu inayopwaya bila bandeji ndani yake humwachia mtu mkono unaoelea, na begi zito likirudi, kitu cha kwanza kupinda ni kifundo. Siri yako, mwanangu, imekwisha kukudai gharama.

Utakaporudi, nunua glovu zako mwenyewe, za aunsi 12 au 14, na usiazime tena. Mwombe mwalimu akuangalie ngumi yako polepole, begi likiwa limetulia: kidole gumba kiwe nje, kifundo kinyooke na mkono wa mbele, na mguso uwe kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Wanaoanza wengi huangukia upande wa kidole kidogo, na mfupa ulio nyuma ya kidole hicho ndio unaovunjika mara nyingi kwa wapigao ngumi vibaya. Ukiwa huko hospitalini, pima pia presha na sukari, kwa kuwa umeanza mazoezi mazito baada ya miaka zaidi ya 20 ya kukaa, na hujaniambia kama uliwahi kupima. Presha inayosoma 140 kwa 90 na kuendelea huhesabiwa kuwa ya juu, na ikiwa hivyo daktari atakuelekeza namna ya kuendelea. Maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya raundi ni amri ya kuacha siku hiyo hiyo, hata kama vijana wanakushangilia.

Umeniuliza kama huu ni wazimu. Hapana, na nimeisoma mara tatu ile sehemu ya begi na cherehani kwa furaha kubwa. Nadhani umekuwa ukijihukumu kwa kipimo ambacho hakikuwa chako. Siku za michezo shuleni hupimwa mbio, na mtoto mzito hushindanishwa na mtoto mwepesi kama kwamba ni kosa lake. Ngumi hazifanyi hivyo. Ni mchezo ambao watu hupangwa kwa uzito wao, ambao uzito wenyewe ni sehemu ya nguvu, na ambao sehemu kubwa ya kujifunza kwake ni kurudia tendo moja dogo mara elfu mpaka liwe safi, mbele ya jicho la mtu anayeiona nusu hatua iliyokosewa. Nani katika mtaa wako amelifanya hilo maishani kuliko fundi aliyekaa na mshono kwa miaka 23? Hukuwa umekosa mwili wa michezo. Ulikosa mchezo unaofanana na subira uliyonayo, na mwalimu wa kukutazama. Wala si kweli kwamba umeingia kwenye uwanja wa watu wengine. Wanawake wamekuwa wakipigana ngumi katika Olimpiki tangu London mwaka 2012, ambako Mwingereza Nicola Adams alipata medali ya kwanza ya dhahabu ya wanawake, na mwaka 2019 shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa la wakati huo, AIBA, liliruhusu wanawake wapigane wakiwa wamevaa hijabu. Mtandio wako si kizuizi cha mazoezi, ila ufunge mfupi na uubane vizuri, usije ukanaswa na mnyororo.

Kuhusu pambano, hata hivyo, jibu langu ni hapana, na ninaomba unisikilize hadi mwisho kabla hujakasirika. Kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa zinaweka umri wa washindani wakubwa kati ya miaka 19 na 40. Maana yake ni kwamba pambano lolote utakaloingizwa ukiwa na miaka 42 litakuwa la kupangwa nje ya kanuni hizo, na neno "kirafiki" lisikupumbaze, kwa sababu konde linalotua kidevuni halijui urafiki. Waulize hao waandaaji daktari atakayekaa kando ya ulingo ni nani, nani atakupima kabla, na mpinzani wako ana uzito gani na amepigana mara ngapi. Ninaogopa kwamba watababaika, kwa sababu mtu anayetafuta "mwanamke yeyote" wa kujaza raundi tatu ameanza kutafuta kabla ya kujiuliza maswali hayo.

Lakini hata wangekujibu yote vizuri, bado ningesema hapana, kwa sababu ya kichwa. Tangu mwaka 1928, daktari wa Marekani aitwaye Harrison Martland alipoandika juu ya mabondia waliokuwa wakiyumba na kuzungumza kama walevi ilhali hawajanywa, imefahamika kwamba madhara ya ubongo hayangoji mtu aanguke ulingoni. Makonde mengi ya kawaida, yakijumlishwa, yanaweza kuyaleta. Kofia ya kinga husaidia uso usipasuke, ila haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Kijana anayetaka kuishi kwa ngumi huamua mwenyewe kulipa gharama hiyo, na mimi humwonea huruma na kumheshimu kwa pamoja. Wewe una watoto watatu, una kazi inayotaka macho na vidole vinavyotii, na unachokipenda hakimo katika pambano. Soma barua yako tena. Umeandika juu ya kisigino, kiuno, sauti ya begi, kamba, na mwalimu anayekuambia urudie. Hakuna mahali ulipoandika kwamba unatamani kumpiga mtu.

Ulichoandika ni kwamba unaogopa kubaki mlinda viatu, na hapo ndipo nilipoumia kwa ajili yako. Mwanangu, mlinda viatu ni yule aliyekaa kando wengine wakicheza. Wewe umekwisha kuondoka pale tangu siku uliyolipiga begi mara ya pili. Kuna hatari ya kurudishwa kwenye viatu, ila inatoka upande mwingine kabisa: wakishajua kwamba hupigani, watu wema watakuja kukuomba uwashonee bukta, ufue bandeji, ushike taulo na maji siku za mapambano. Shona ukipenda, na ulipwe, lakini kazi hizo zisiguse saa yako ya mazoezi hata siku moja. Na kama unataka kuonja kukabiliana na mtu, mwombe mwalimu akufundishe kwa pedi, zile anazovaa yeye mikononi ili uzipige, halafu, mkono ukipona kabisa, mazoezi ya wawili ya polepole yasiyogusa kichwa, ambayo mwenzako anakulenga mabega na wewe unajifunza kukwepa. Huko kukwepa peke yake kunaweza kukuchukua miaka, na ni utamu mtupu kwa mtu mwenye jicho la ufundi.

Kaka yako nitampitia kwa ufupi. Atakukumbusha kwamba Mtume alikataza kupiga usoni, na atakuwa anasema kweli. Mwambie kwamba unalolipiga ni begi lisilo na uso, kwamba hupigwi wala hupigani, na kama ana neno zaidi, mwende pamoja kwa sheikh mnayemwamini nyote wawili.

Mume wako ni jambo zito zaidi, na uzito wenyewe hautoki kwenye ngumi. Alikuamini, akafurahi, akaingia dukani akakununulia raba kwa fedha ya barabarani. Nadhani atakapojua, kitakachomuuma kwanza ni zile raba. Kwa hiyo anza nazo. Usimwambie kwa simu akiwa safarini, na usimngoje ajue kwa kijana wa Makorora atakayekuita Mama Fundi mbele yake mkiwa sokoni. Akirudi, akishaoga na kula na kupumzika, ziweke raba mbele yake umwambie kwamba umezivaa kila wiki, lakini si kwa njia uliyomwambia, na kwamba ulimdanganya kwa kuogopa kuchekwa. Mwonyeshe mkono uliovimba na cheti cha daktari. Halafu nyamaza, umwache aseme. Akikasirika, ana haki ya kukasirika kwa uongo, nawe usiugeuze uongo kuwa mjadala wa kama mwanamke anaweza kucheza ngumi. Mambo hayo ni mawili, na la kwanza ni lako la kuomba radhi. La pili lizungumzeni siku nyingine, na umwalike aje alfajiri moja kukutazama. Mtu anayeishi na usukani na gia ataielewa haraka habari ya nguvu inayoanzia mguuni.

Binti yako mwambie kabla ya baba yake hajarudi, jioni hii hii ukiweza. Ana miaka 16, alikuuliza swali la kweli akapewa utepe wa mteja. Mkalishe, mpe bandeji moja, mfundishe kuizungusha kwenye mkono wako mzima wa kushoto, kuanzia kwenye kitanzi cha kidole gumba, ili siku utakaporuhusiwa kurudi kuwe na mtu nyumbani anayejua kuikaza bila kuizuia damu. Kuanzia hapo zianike bandeji kwenye kamba ya nguo kama nguo nyingine.

Na wakati unangoja mkono upone, nenda Makorora ukalitazame lile begi lako. Matambara nayo hushuka chini yakipigwa kila siku, ingawa si kama mchanga, na baada ya miezi minne sehemu ya chini itakuwa imeanza kuwa ngumu na ya juu kulegea. Waambie vijana walishushe, lifunguliwe mdomo, vipande vichambuliwe na kurudishwa kwa tabaka, kila tabaka likikanyagwa kidogo kabla ya jingine. Wewe kaa kwenye benchi uwaelekeze kwa mdomo, mkono ukiwa umepumzika.

Shangazi